Nasaba Iliyotajwa Juu ya Maji

Alama yenyewe ilikuwa ndogo, na katika nyumba nyingine isingemshughulisha mtu. Kiganja na vidole vitano, basi, kimebandikwa juu ya kioo cha sakafuni katika ukumbi wa wageni wa Khattab bin Ishaq, kule Al Khoudh, Maskati, nyumba za mwisho kabla ya mlima. Semeni, msichana wa kazi kutoka Muheza, alipiga magoti akaisugua asubuhi nzima. Mazoon, mke wa Khattab, aliporudi kutoka kufundisha chuo kikuu alimkuta anahema, ndoo pembeni.

"Madamu, hii alama haitoki."

"Tia siki."

"Nimetia siki, nimetia na ile dawa ya madirisha." Semeni akageuka kutazama mlango kama anayeogopa kusikiwa. "Haitoki kwa sababu haiko huku kwetu. Iko upande wa chini."

Mazoon akainama. Kioo kile kilikuwa kinene cha kubeba watu, kimefunika mdomo wa shimo lililochimbwa na watu wa kale, na chini yake kulikuwa na kiza tu, urefu wa minazi miwili. Hapakuwa na ngazi wala kamba. Shimo lilikauka yeye Mazoon hajazaliwa. Na kiganja kilikuwa cha mtoto.

"Ni mvuke," alisema. "Huku kiyoyozi, kule joto. Kioo hutoka jasho."

"Sawa, madamu," alijibu Semeni, akakusanya matambara yake. Tangu siku ile hakuingia ukumbini peke yake.

Sasa mtaniuliza, mtu mwenye akili zake timamu ataacha shimo katikati ya ukumbi wa wageni? Tena alizungushie taa? Ngojeni niwaelezeni, msije mkamdhania Khattab kichaa. Hakuwa kichaa. Alikuwa mtu aliyeumizwa, na aliyeumizwa hufanya mambo ambayo kichaa asingeyathubutu.

Khattab alikuwa mhandisi katika ofisi moja ya Qurum. Kazaliwa Maskati, kasoma Maskati, lakini baba yake, marehemu Ishaq, alizaliwa Unguja, na nyumbani kwao Kiswahili hakikukatika hata siku moja. Huko ofisini alikuwapo Hamoud, mtu mcheshi, mkarimu, asiye na chuki na mtu, aliyependa kusema mbele ya watu wakinywa chai: "Nyinyi Wazinjibari mmeshuka uwanja wa ndege juzi tu, na nazi zenu mikononi!" Watu hucheka. Khattab naye hucheka. Akirudi nyumbani hali chakula.

Basi akaanza kutafuta asili yake. Akawaendea vikongwe wa bondeni, akakaa nao, akauliza huyu nani, yule mwana wa nani, mpaka akampata baba wa babu yake, Saif bin Rashid, aliyekuwa na zamu katika falaji ya Samha kabla ya kuhamia Unguja. Kwa asiyejua, falaji ni mto uliochimbwa na watu chini ya ardhi. Maji huchukuliwa penye mizizi ya mlima, yakapitishwa gizani, yakatokezwa mahali palipokuwa na jiwe na jua tu, na hapo ndipo watu wakaweka nyumba. Mitaa ya zamani ya huku ndani ilianza hivyo. Ngome na soko vilikuja baadaye, kwanza yalikuja maji. Kila baada ya mwendo mfupi huachwa shimo la kuteremkia wasafishaji, na kila nyumba huwa na zamu yake ya kufunguliwa maji. Halafu zikaja pampu, visima virefu vikanyonya kila kitu, falaji ya Samha ikafa.

Khattab akanunua kiwanja palepale ilipopita. Mafundi walipochimba msingi wakagonga jiwe la mviringo lililozibwa kwa chokaa, na chini ya jiwe, shimo. Msimamizi akasema lizibwe tena. Wazee wa jirani wakaja, hawakuketi, hata kahawa hawakunywa, wakasema lizibwe tena. Khattab alilia kwa furaha. Akaamuru nyumba ijengwe kulizunguka.

Siku ya karamu ya kuhamia, ofisi nzima ya Qurum ilikuwapo, na Hamoud mbele. Sasa kuna desturi ya zamani, nayo Khattab aliipata kwa vikongwe walewale: mtu akirithi zamu ya maji, husimama penye shimo akataja nasaba yake kwa sauti, baba na babu mpaka wa juu, kisha akamtaja mrithi wake. Khattab, na kanzu yake mpya nyeupe, na kilemba kimekaa sawasawa, akambeba binti yake wa pekee akasimama ukingoni.

"Mimi ni Khattab bin Ishaq bin Nasser bin Saif bin Rashid," alisema. "Maji haya ni yetu. Na baada yangu ni huyu, Hadeel binti Khattab."

Shimo likaitikia. Mwangwi, watu walidhani. Lakini mwangwi hurudisha maneno ya mwisho, na huu ulirudisha neno moja tu la katikati: Hadeel. Watu wakapiga makofi. Bi Bakhita, mama yake Khattab, aliyekuwa amesimama upande wa wanawake, aliketi chini pale pale mlangoni.

"Keshafanya," alisema. "Mwanangu keshafanya."

Mazoon alidhani bibi wa watu ameishiwa nguvu kwa joto. Akamletea maji.

Ikaja Julai. Mnaoijua Julai ya Maskati hamna haja ya kuambiwa. Ikishaswaliwa adhuhuri mji hujifunga, milango, mapazia, mpaka paka hujilaza chini ya magari wasionekane, na watu hulala kailula viyoyozi vikinguruma. Ule ndio usiku wa huku, usiku mweupe. Na katika kailula ndipo Mazoon alipoanza kuisikia ile sauti: ko, ko, ko, kama mtu anayegonga jiwe kwa nyundo ndogo, mbali, chini. Akinyanyua kichwa, inakoma. Akikilaza tena, inaanza. Na harufu. Udongo uliorowa, na moshi wa taa ya mafuta, harufu ambayo hakuijua alikoijulia, kwani hajapata kuishi na taa ya mafuta maisha yake.

Siku moja aliamka koo limemkauka, akanyoosha mkono kumgusa mtoto ubavuni pake, akagusa shuka baridi, akashuka ngazi bila viatu, akapita jikoni ambako Semeni amelala kichwa mezani, akapita ujia wote ule mrefu ambao taa zake zilikuwa zimezimwa na mtu, na kadiri alivyokaribia ukumbi ndivyo nyundo ilivyozidi kusikika, si moja tena bali nyingi, za haraka haraka, za kupokezana, mpaka alipoushika mlango akausukuma, na zote zikanyamaza kwa mara moja, kama darasa mwalimu anapoingia.

Hadeel alikuwa amelala kifudifudi juu ya kioo, sikio limebanwa.

"Unafanya nini hapa, wee mtoto?"

"Nasikiliza."

Mazoon akamnyanyua. Kucha za mtoto zilikuwa zimejaa udongo mweusi wa maji, na nywele zake zinanuka moshi. Kioo kilikuwa kizima, hakijasogezwa, vibano vyote mahali pake.

"Mama, unajua huku nyumba ya kwanza ilikuwa ya nani?" Hadeel alikuwa mtoto wa miaka saba, msemaji, meno ya mbele hana, na sasa akasema kwa raha kabisa, miguu ikining'inia kiunoni mwa mama yake. "Ya Salim wa mbuzi. Walikuja midomo imewapasuka. Wakakaa chini ya mwamba, wakasema tutafia papa hapa. Halafu mwanawe akateremka."

"Akateremka wapi?"

"Kuchimba. Wakubwa hawapiti, pembamba." Akabana mabega kuonyesha. "Akateremka, yakaja maji, ikajengwa nyumba ya pili. Akateremka mwengine, ukajengwa msikiti. Akateremka mwengine, wakapanda mitende. Kila mtaa una wake, mama. Wote wananambia majina yao."

"Nani wanakwambia?"

Hadeel alimtazama mama yake kwa mshangao. "Watoto."

Mazoon hakumwambia mumewe kitu mchana ule. Alikwenda jikoni, akamkuta Bi Bakhita anachambua mchele ambao Semeni alishauchambua. Akamweleza yote, kwa sauti ya chini, na alipofika kwenye Salim wa mbuzi mkono wa mama mkwe ukasimama ndani ya sinia.

"Kaa kitako, mwanangu," alisema Bi Bakhita. "Nna neno, na Mungu anisamehe kwa kulikalia. Watu wanasema wazee wetu walikwenda Unguja kwa karafuu. Wengine, ndiyo. Sisi tulikimbia."

"Mlikimbia nani?"

"Zamu. Usidhani zamu ni ya maji tu. Chini kule kuna wenyewe, walikuwapo kabla ya bin Adamu. Mwamba ni wao. Wachimbaji walipofika penye mwamba wakashindwa, wenyewe wakasema, sawa, tutayapitisha maji, lakini kila nyumba itakayokunywa ituletee mmoja. Mdogo. Baba mkwe wangu, Mzee Nasser, alinambia haya nikimuuguza. Yeye ndiye aliyekuwa mdogo wa zamu ile. Baba yake, Saif, alimtazama mwanawe, akamtia kapuni kama tende, akapanda naye chombo bandarini Matrah, hakurudi tena."

"Na hao waliotolewa? Waliuawa?"

"Ingekuwa afadhali." Bi Bakhita alifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Mtoto analala, anapoa, anakoshwa, anazikwa. Lakini kinachozikwa si yeye. Waarabu humwita mughayyab, aliyefichwa. Yuko chini. Anachimba. Hakui, hafi. Mzee Nasser mpaka anakata roho alikuwa akigongewa chini ya kitanda, kule Unguja, nnakwambia nilisikia kwa masikio yangu. Walikuwa wamemkumbuka ila hawakuwa na jina la kumwitia. Sasa Khattab kawapa jina."

"Kwa nini hukumkataza, mama? Kwa nini?"

"Nilimkataza asijenge huku. Akanambia, hata wewe, mama, unataka niishi maisha yangu yote mgeni? Ningemjibu nini? Mwanangu alikuwa anatia huruma."

Usiombe kuusikia ugomvi uliokuwa nyumbani mle jioni ile. Khattab alisema hizo ni hadithi za wazee wasiosoma, alisema mtoto kachezea vyungu vya maua, alisema kila mtu anataka kumnyang'anya hata hiki kidogo alichopata. Mazoon hakubishana. Alimshika mkono, akampeleka penye kitanda cha mtoto, akamwonyesha magoti ya Hadeel, yalivyochunika na kuota sugu. Magoti ya mtu anayetambaa. Khattab akaketi ukingoni mwa kitanda, akayashika yale magoti, na hakusema tena habari ya vyungu.

Wakaondoka kesho yake. Walimchukua mtoto mpaka Ruwi, kwenye fleti ya kaka yake Mazoon, ghorofa ya juu kabisa, chini yao maduka ya simu na mikahawa ya Wahindi, makelele mchana kutwa. Haikusaidia kitu. Walimlaza katikati yao, mkono wa baba huku, mkono wa mama huku, na kila walipoamka kutoka kailula walimkuta amechoka kuliko alivyolala, udongo kuchani, macho yamekwenda ndani. Alikuwa hali. Alikuwa hachezi. Ukimwita anageuka polepole, kama anayeitwa akiwa kazini.

"Leo tumefika chini ya barabara kubwa," alisema siku moja, na hakumwambia yeyote hasa. "Mwamba mgumu. Watoto wanasema nikija kabisa tutaupasua."

Siku hiyo Khattab ndiye aliyesema, "Atafutwe mtu."

Sheikh Yaqdhan alitoka miji ya ndani ya nchi, mwalimu mstaafu, mtu wa maneno machache aliyenuka ubani na sabuni. Watu walimwamini kwa sababu hakuchukua kitu. Alitaka kuletwa penye shimo adhuhuri, wakati wenyewe wa chini wako macho, akataka kioo kiondolewe. Akaketi penye ukingo akasoma muda mrefu. Semeni, aliyekuwa mlangoni na Bi Bakhita, aliapa baadaye kwamba kila sheikh alipofika mwisho wa dua, kule chini vinywa vidogo vingi viliitikia amina.

Sheikh alinyanyuka ametota jasho.

"Aliyeingia kwa nguvu hutolewa kwa nguvu," alimwambia Khattab. "Hawa hawakuingia kwa nguvu. Umewaita. Umetaja nasaba, umedai zamu, umetaja mrithi, mbele ya mashahidi. Ninaposoma wananisikiliza kwa adabu. Hawana sababu ya kukimbia."

"Nifanye nini, sheikh?"

"Mwenye kudai aache dai lake. Simama hapa, mbele ya mashahidi walewale, uikane nasaba yako. Useme wewe si mwana wa Ishaq, wala Ishaq si wa Nasser, wala huna asili hapa. Kumkana baba ni dhambi kubwa, nalijua hilo. Dhambi hiyo nitaibeba mimi."

Khattab alipauka. "Mbele ya Hamoud?"

"Mbele ya Hamoud," alisema Mazoon, "mbele ya Maskati nzima! Mwanangu anakwisha, Khattab. Unasikia? Anakwisha!"

"Nasikia," alisema Khattab. Kisha, kwa sauti ya chini sana: "Waiteni."

Wakaitwa, wakaja, mchana wa jua kali, wale wale, na safari hii hapakuwa na halwa wala kahawa. Mazoon aliketi sakafuni, Hadeel mapajani pake amefungwa kwa mtandio kiunoni kwake, mafundo mawili. Alimshikilia mtoto kwa mikono yote, akisikia moyo wake mdogo unapiga mgongoni, na alikuwa na tumaini. Tusimcheke. Alitumaini kwa sababu hakuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Khattab akasimama ukingoni. Alivaa kanzu ya nyumbani, kichwa wazi.

"Mimi si mwana wa Ishaq," alisema, na mama yake mlangoni akaziba mdomo. "Ishaq si mwana wa Nasser. Nasser si mwana wa Saif, wala simjui Saif wala Rashid. Sina asili hapa. Sina zamu. Sina maji. Niliyosema, nilisema uongo."

Nyundo zilikuwa zikigonga tangu asubuhi, na sasa zikakoma. Harufu ya moshi ikaondoka, watu wote waliisikia inaondoka, na hewa ikawa hewa. Mtu akasema alhamdulillahi. Hamoud, masikini Hamoud wa utani wake, alikuwa analia waziwazi, akaja akamshika Khattab mkono, akasema nisamehe, ndugu yangu, nisamehe, sikujua. Sheikh Yaqdhan akafunga macho. Na Hadeel akageuka mapajani, akamtazama mama yake kwa macho yake mwenyewe, ya zamani, akasema, "Mama, nna njaa."

Mazoon alianza kucheka. Alikuwa anacheka na kulia, na kumbusu mtoto kichwani, ndipo sauti ilipopanda kutoka shimoni. Haikuwa ya kutisha. Ilikuwa ya mtu mzima mpole, mwenye subira, anayetaka kuelewa jambo.

"Basi huyu Hadeel," iliuliza, "ni binti wa nani?"

Khattab alimtazama sheikh, na sheikh alikuwa amefumbua macho, na katika macho yale Mazoon aliona kitu ambacho hakutaka kukiona, aliona kwamba sheikh hakuwa amelifikiria hili.

"Wangu!" alipiga kelele Mazoon. "Ni wangu mimi! Nimemzaa mimi!"

"Mama hatajwi juu ya maji," ilisema sauti, kwa upole uleule. "Tunauliza baba."

"Ni wangu!" alisema Khattab. "Ni Hadeel binti Khattab!"

"Khattab mwana wa nani?"

Na hapo Khattab akafungua kinywa. Alisimama vile, kinywa wazi, mkono umenyooshwa, na shingo imemtoka mishipa, na kila aliyekuwapo alimwona analitafuta jina la baba yake, jina alilolitaja kila siku ya maisha yake, na halioni. Bi Bakhita alimpigia kelele kutoka mlangoni, "Ishaq! Sema Ishaq, mwanangu, Ishaq!", na Hamoud naye akawa anapiga kelele Ishaq, na sheikh, na watu wote wa Qurum, ukumbi mzima unapiga kelele jina la marehemu, na Khattab anawatazama midomo kama mtu anayesemeshwa lugha ya mbali asiyoijua hata neno moja.

"Asiye na baba," ilisema sauti, "ana sisi."

Mazoon aliona mtandio ukilegea. Mafundo yalikuwa yamefungwa bado, yote mawili, lakini yalikuwa yamefunga kitu kilichopungua. Uzito mapajani ulikuwa ule ule, na joto limetoka.

Hospitali walisema moyo. Hawakuwa na neno jingine. Alizikwa kabla ya magharibi, kama desturi, na Bi Bakhita ndiye aliyemkosha, peke yake, mlango umefungwa. Mazoon alipotaka kufunua sanda aone uso, mama mkwe alimshika mikono.

"Usifunue," alimnong'oneza. "Nnakuomba. Utakachokiona hutakisahau."

Watu wazima wanne walilibeba jeneza la mtoto wa miaka saba, na walipumzika njiani.

Wiki ile ile maji yakatoka. Falaji ya Samha, iliyokufa muda wote ule, ikafufuka, maji baridi, safi, yakajaa mifereji ya bondeni mpaka kwenye mitende iliyobaki vigogo. Wasiojua walitoka na ngoma. Walikuja watu wenye kamera. Walimtafuta Khattab wampongeze, wakamkuta ameketi ukumbini, na walipomuuliza jina lake kamili aliwaambia, "Khattab." Wakangoja amalizie. Hakumalizia. Mpaka leo hamalizii, na benki wamechoka naye, na Bi Bakhita humwongoza mkono kama kipofu.

Mazoon hakukaa mle ndani. Watu wa Al Khoudh wanasema alirukwa na akili, aliacha chuo, aliacha mume. Semeni alikwenda naye, wala hakuombwa. Alikuwa amemlea Hadeel tangu hajaota jino, na alikuwa na masikio kama ya Mazoon. Kwanza walipanga chumba cha chini Al Khoudh kwenyewe, huku kwenye mabasi ya wanafunzi. Walikaa mpaka sauti ya nyundo ikasogea. Wakahama, wakaifuata. Kisha wakahama tena. Madalali wa Maskati wanamjua sasa, yule bibie anayetaka nyumba ya chini tu, sakafu bila zulia, anayelala kifudifudi kabla ya kutia saini. Watoto wa chini wanachimba kuelekea mjini, na mji huu kila siku unajenga, kila siku unataka maji.

Sasa wanawake hao wawili wako Ruwi, nyuma ya stesheni ya mabasi, chumba kimoja na jiko. Adhuhuri ikiswaliwa, maduka yakishusha milango, Mazoon hulaza sikio kwenye vigae, na Semeni hulaza lake ng'ambo ya pili. Wanaijua nyundo ya Hadeel kati ya nyundo za wengine, maana hugonga mara mbili akapumzika. Mama yake humsemesha. Humwambia mambo ya siku, amepika nini, nani kampigia simu. Hajajibiwa hata mara moja, lakini huendelea.

Juzi, kailula, nyundo zilisimama. Walingoja. Kisha, karibu sana, kama iko chini ya vigae tu, wakasikia kilio cha mtoto ambaye hawakumjua, mdogo zaidi, analia kwa pumzi za kukatika, anataka mama. Na juu ya kilio kile wakaisikia sauti ya Hadeel, ya utulivu, ya mwenyeji.

"Usilie," ilisema. "Na mimi nililia mwanzo. Njoo nikuonyeshe."

Mazoon alipiga vigae kwa viganja, akamwita, akamwita mpaka majirani wakagonga ukuta. Chini, nyundo zikaanza tena, na hapo karibu, penye ya Hadeel, sasa zilikuwa mbili.